Stika ya Kioo ni ya Mwenzio: Bima ya Gari na Boti Ajali Ikishatokea

Hotuba kwa madereva, wenye magari na tuktuk, na manahodha wa boti za abiria na za uvuvi, Mombasa

Assalamu alaykum, hamjambo nyote. Wazee wetu manahodha mlioacha vyombo Mtwapa na Bandari ya Kale mkaja, madereva wa Likoni na Bamburi, akina mama wenye magari, vijana wa tuktuk, karibuni. Hatutaanza na maana ya bima. Tutaanza na mgongano.

Ni saa moja na nusu asubuhi, magari yamesongamana daraja la Nyali kuingia kisiwani. Gari dogo la nyumbani limechelewa kushika breki. Limeisukuma tuktuk iliyo mbele yake, tuktuk imelala ubavu. Dereva wa tuktuk amevunjika mkono, abiria wake ana jeraha la kichwa. Ndani ya gari dogo, shemeji wa dereva aliyekaa mbele amepiga kifua kwenye dashibodi. Boneti imekunjika, rejeta inavuja, taa mbili zimepasuka. Mwenye gari ana thadi pati peke yake, yaani bima ya mtu wa tatu, na stika iko kwenye kioo, haijaisha. Stika hiyo inamlipa nani?

Dereva wa tuktuk na abiria wake, ndiyo. Hao ndio hasa sheria iliyowakusudia. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlazimisha kila mwenye gari barabarani awe na bima ya madhara atakayomfanyia mtu mwingine, na madhara inayoyataja ni mawili tu: kifo na majeraha ya mwili. Kiwango cha lazima kinaishia shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Mahakama ikimpa majeruhi 4,500,000, ile 1,500,000 inayozidi inatafutwa kwa mwenye gari mwenyewe: nyumba yake, shamba lake, akaunti yake.

Tuktuk iliyopinda je? Hapo sheria ya lazima imenyamaza. Kampuni nyingi huongeza uharibifu wa mali ya mtu wa tatu ndani ya hati ya thadi pati, lakini kwa kikomo chake, na kikomo hicho hakifanani kati ya kampuni na kampuni. Kitafute kwenye hati yako. Ukigonga tuktuk, huenda kikomo kikatosha. Ukigonga trela iliyobeba kontena kutoka Kilindini na nguzo ya umeme juu yake, hesabu inabadilika.

Shemeji aliyeumia kifua ndiye anayewashangaza wengi. Sura ya 405 hailazimishi bima ya abiria wa gari la binafsi. Inalazimisha ya abiria anayelipa nauli, na ya anayebebwa kwa sababu ya mkataba wa kazi. Mke, mtoto, rafiki uliyempa lifti, hao wanalindwa ikiwa tu hati yako imeongezwa kifungu cha abiria. Nyongeza hiyo ni nafuu ukilinganisha na kinga inayotoa, na mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize. Uliza.

Dereva mwenyewe na boneti yake? Hawapati kitu. Thadi pati ni ya mwenzio. Tunalirudia hili kwa sababu kila mvua kubwa tunaona watu wanaokuja na picha za gari lililozama, wanauliza fidia ni lini, na walicho nacho ni karatasi inayomlinda mtu waliyeweza kumgonga.

Kabla hatujaiacha thadi pati, kuna jambo ambalo wenye matatu na abiria wao wanafaa kulishika vizuri. Kampuni haiwezi kumnyima majeruhi malipo kwa kisingizio kwamba dereva alikuwa amelewa, au gari lilikuwa bovu, au matatu ya watu 14 ilibeba 19. Sura ya 405 imevitaja vikwazo hivyo kimoja kimoja, yaani umri na hali ya dereva, hali ya gari, idadi ya watu, uzito wa mzigo, saa na eneo la kuendesha, ikasema kwa upande wa mtu wa tatu havina nguvu. Kampuni inamlipa majeruhi, kisha ina haki ya kumgeukia mwenye gari na kudai irudishiwe pesa yake. Kwa hiyo anayefurahi kwamba bima italipa hata akijaza kupita kiasi amesoma nusu ya sheria. Nusu ya pili ni barua ya wakili.

Halafu kuna makanga na dereva wa kuajiriwa. Mfanyakazi wako akiumia kazini hayumo katika bima hii ya lazima. Yeye anaangukia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile mnayoiita WIBA, na hiyo hukatwa peke yake. Mwenye matatu aliye na cheti cha abiria bila WIBA ameacha watu wawili wa karibu naye zaidi nje ya mwavuli.

Sasa bima kubwa, komprehensivu. Hiyo inabeba yote ya thadi pati na kuongeza gari lako: kugongana, kupinduka, moto, wizi, na mara nyingi mafuriko. Ghasia za kisiasa na ugaidi aghalabu huwa nyongeza ya kulipiwa, na mwaka wa uchaguzi usiisahau. Lakini kulindwa hakuna maana ya kulipwa yote. Kuna ekses, ile sehemu ya hasara unayoibeba wewe kwanza. Katika hati nyingi za magari ya binafsi ni asilimia 2.5 ya thamani uliyokatia bima, na isiwe chini ya shilingi 15,000 hivi. Kwa wizi hupanda sana, na gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia linaweza kukatwa asilimia 20. Dereva mwenye leseni changa ya chini ya mwaka mmoja, au mwenye umri mdogo, huongezewa ekses yake juu ya ile.

Penye kidonda zaidi ni thamani. Tuchukue gari ambalo sokoni lina thamani ya 1,200,000. Kwa kiwango cha asilimia 4, bima yake kwa mwaka ni 48,000, pamoja na ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2 na ule wa mfuko wa fidia wa asilimia 0.25, ambao kwa pamoja ni 216, na stempu ya 40. Jumla 48,256. Mwenyewe anaona nyingi, anasema gari lake ni la 900,000. Ameokoa 12,000. Miezi minne baadaye limegongwa ubavuni, ukarabati ni 320,000. Kampuni inatazama: umekatia bima robo tatu ya gari, basi robo moja ulijiachia mwenyewe. Robo tatu ya 320,000 ni 240,000. Toa ekses, asilimia 2.5 ya 900,000, ambayo ni 22,500. Anapokea 217,500. Angalikata bima kamili angalipokea 290,000. Kwa kuokoa 12,000 amepoteza 72,500, na kampuni haikumdhulumu, imefuata kifungu alichokitia sahihi. Kinyume chake pia hakina faida: ukikatia 1,600,000 gari la 1,200,000, likifa utalipwa thamani ya soko ya siku ile, na ile ziada uliilipia bure. Dawa ni barua ya mthamini. Kampuni hutuma watu kwa wathamini wake mwanzoni mwa bima, na wengi huiweka ile barua kwenye droo bila kwenda.

Gharama ya ukarabati ikipanda kupita kiasi, mara nyingi nusu ya thamani au zaidi, kampuni husema ni hasara kamili. Hapo una njia mbili. Unaliacha gari kwao, wanakulipa thamani kutoa ekses. Au unabaki na salveji, nao wanakata bei ambayo mabaki yangeuzwa. Gari letu la 1,200,000, ekses 30,000, mabaki yakiwa yametajiwa 280,000: ukiliacha unapata 1,170,000, ukilichukua unapata 890,000 na chuma chako. Kabla hujalichukua, mpeleke fundi unayemwamini akatazame chesisi. Mlango hubadilishwa kwa siku moja, lakini chesisi iliyopinda hula tairi na pesa kwa miaka. Na kama gari ni la mkopo, jua kwamba hundi huenda benki kwanza. Deni likizidi malipo, unabaki bila gari na unaendelea kulipa.

Ambavyo komprehensivu haivigusi: kuchakaa, kuharibika kwa injini au gia pasipo ajali, tairi iliyopasuka peke yake, na kipato ulichokosa gari likiwa gereji. Hili la mwisho linawauma wenye teksi. Wiki sita gari limesimama, na hati ya kawaida haina shilingi hata moja ya siku hizo, isipokuwa ulinunua nyongeza ya kukosa matumizi.

Matumizi nayo. Vyeti vya Kenya vimegawika: A ni ya magari ya abiria, B ya biashara, C ya binafsi, D ya pikipiki. Gari lenye cheti cha C likibeba abiria wa kulipa jioni, likipata ajali likiwa na abiria huyo, umelitumia nje ya ulilotangaza, na kampuni ina sababu ya kukataa kukutengenezea. Siku hizi wanajua upesi. Anayekadiria anasoma maelezo yako na ya polisi, na abiria mwenyewe husema alilipa.

Kwa wanaokwenda Tanga kupitia Lunga Lunga: cheti chako cha Kenya hakivuki Horohoro peke yake. Chukua Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania inaitambua ijapokuwa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Nayo ni ya mtu wa tatu tu. Uharibifu wa gari lako huko ng'ambo unategemea eneo lililoandikwa kwenye hati yako. Na anayepanda feri pale Likoni kila siku afungue hati yake asome imesemaje kuhusu gari likiwa juu ya chombo. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitelezea majini kutoka kwenye feri pale pale kivukoni, wakafa mama na binti yake. Breki ya mkono ivutwe, gia itiwe, kila safari.

Turudi darajani Nyali, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zinazoharibu madai mengi kuliko vifungu. Simama. Msaidie aliyeumia. Kabla magari hayajasogezwa, piga picha: moja kutoka mbali inayoonyesha njia nzima na alama za barabara, nyingine ya nambari za usajili zote, nyingine ya pale palipogusana, nyingine ya cheti cha mwenzio kikisomeka jina la kampuni, nambari ya hati na tarehe. Chukua namba za simu za mashahidi wawili. Sheria ya Trafiki inakutaka uripoti polisi mapema uwezavyo, isipite saa 24. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuthibitisha kwamba ajali imeripotiwa, ndiyo mlango wa dai lolote. Ikipatikana, isome palepale kaunta. Nambari ya usajili iliyokosewa herufi moja inaweza kukurudisha kituoni mara tatu.

Usikiri kosa, na usiahidi kulipa. Hilo si ukatili. Hati yako inasema kampuni ndiyo itakayojibu kwa niaba yako, na ukishaandika "nimekubali ni mimi" umeitoa kampuni mezani na kubaki peke yako. Unaweza kumpa mtu pole, maji na lifti ya hospitali bila kutia sahihi chochote.

Na hii desturi yetu ya "tumalizane"? Hatutaipiga vita yote. Taa imepasuka, gharama ni 8,000, ekses yako ni 15,000: hakuna dai hapo, na ukidai utapoteza punguzo la kutodai bila kupata kitu. Mmalizane, muandike karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Lakini akiwapo mtu aliyeumia, hata akisema ni mkwaruzo, usimalizane barabarani. Jeraha la kichwa huanza na "niko sawa" na kuishia wodini siku ya tatu, na dai la majeraha linaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Ile 5,000 uliyompa haitamzuia, na kampuni itauliza mbona hukuripoti.

Brekidauni, lile gari la kuvuta, hufika kabla ya polisi, mnajua wenyewe. Kubaliana bei kabla ndoano haijafungwa, kwa sababu hati yako ina kikomo cha kuvuta gari, na kinachozidi ni chako. Mwambie alipeleke wapi. Gari likishaingia gereji ambayo kampuni haiitambui, gharama ya kulilaza inaanza kuhesabiwa na utaibeba wewe. Fundi asifungue hata skrubu mpaka mkadiriaji, asesa, afike. Akikuta bampa jipya na la zamani limetupwa, atalipia nini?

Turudi kwa wenye magari yaliyozama tuliowataja mwanzoni. Maji yakifika juu ya katikati ya tairi, zima injini, usiliwashe tena hata kama limesimama kwenye kichochoro cha kwako. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda kupitia kichujio cha hewa, pistoni inapanda inakuta ukuta, na kinachopinda ni fimbo inayoiunganisha na shafti. Gari lililozama na kuvutwa ni gari la kukaushwa, kubadilishwa mafuta na kusafishwa waya. Lililowashwa ni injini nzima, na asesa akiona fimbo iliyopinda anajua kwamba injini ilizungushwa na maji ndani. Kampuni nyingi hulipa hasara ya mafuriko na kukataa ile uliyojifanyia kwa funguo. Tenganisha betri, piga picha ya alama ya maji kwenye mlango, subiri kamba.

Sasa, manahodha. Mmekaa kwa subira.

Kitu cha kwanza: yote tuliyosema juu ya Sura ya 405 yanaishia barabarani. Baharini hakuna sheria ile inayoikataza kampuni kumnyima abiria kwa sababu boti ilizidisha watu. Bima ya chombo ni mkataba, na nyuma yake iko Sheria ya Bima za Baharini, Sura ya 390. Boti iliyosajiliwa kubeba watu 12 ikapinduka na 20 imevunja sharti lake, na atakayeachwa mikono mitupu ni wewe na abiria pamoja. Ndiyo maana tunasema kuzidisha watu majini ni kosa zito kuliko barabarani hata kwa hesabu ya pesa, mbali na hesabu ya roho. Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, walikufa watu 272. Hakuna haja ya kuongeza neno.

Bima ya boti huwa na sehemu tatu. Chombo chenyewe na mashine yake. Madhara kwa wengine, yaani boti uliyoigonga, abiria, gati uliyoivunja. Na mabaharia wako, ambao kama makanga hukatiwa yao. Anayenunua sehemu ya kwanza pekee akaendesha boti ya vioo Bamburi na watalii ndani ameikinga faiba, yaani mwili wa boti, na kuwaacha watu.

Thamani ya boti haiendi kama ya gari. Mara nyingi hukubaliwa mwanzoni na kuandikwa: chombo hiki ni shilingi kadhaa, basi. Kikizama kabisa, hiyo ndiyo inayolipwa, hakuna mjadala wa soko. Kwa hiyo ubishi wenu uwe siku ya kukata. Mashine ya nyuma, ile injini inayofungwa nyuma ya boti, itajwe peke yake, kwa nambari yake na bei yake, kwa maana katika boti nyingi za faiba mashine ndiyo ghali kuliko mwili.

Na mashine ndiyo penye ugomvi. Hati nyingi za boti ndogo zinafuata vifungu vya London vya mwaka 1985, na vifungu hivyo vinasema mambo mawili kuhusu mashine ya nyuma. Ikidondoka majini kutoka kwenye boti, hailipwi. Ikiibwa, inalipwa endapo ilikuwa imefungwa kwa kufuli ya kuzuia wizi zaidi ya zile skrubu zake za kawaida. Zile skrubu mbili za mkono, ambazo kijana yeyote huzifungua kwa dakika mbili usiku, hazihesabiwi. Weka kufuli ya chuma inayofunika skrubu, piga picha yake ikiwa imefungwa, hifadhi risiti. Tena mnyororo wa usalama kutoka kwenye mashine hadi mwili wa boti, kwa sababu mtetemo hulegeza skrubu taratibu, na hilo la kudondoka halina mlipaji. Vifungu hivyo pia ni vya vyombo vya mwendo usiozidi noti 17, yaani maili 17 za baharini kwa saa. Boti ya kasi inahitaji kifungu chake. Mwambie broka mashine yako ni ya nguvu ngapi, usimwambie "ya kawaida".

Baharini, kuchakaa kunaipa kampuni sababu ya kutolipa kuliko hata nchi kavu. Mwamba ukitoboa chombo, hiyo ni ajali. Mbao zikifunguka kwa sababu kalafati, ile pamba ya kuziba viungo, haijatiwa misimu mitatu, au minyoo ya bahari imekula mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, hiyo ni uzembe wa mwenyewe, na Sura ya 390 imewataja panya na wadudu waziwazi. Mkaguzi ataingiza kisu katika ubao: ukizama kama kwenye mkate, jibu limepatikana. Kila mara chombo kinapopandishwa pwani, chukua picha za mkuku na viungo, ziwe na tarehe, pamoja na risiti za pamba, mafuta na rangi. Risiti ya shilingi mia nane imewahi kutosha kubishania mamilioni.

Kuna sharti jingine ambalo kwa bahari yetu lina maana ya pekee. Hati nyingi hutaja miezi ambayo chombo kiko kazini na miezi ambayo kimelazwa. Kusi inapovuma, wengi mnapandisha boti za uvuvi wa michezo, na bima hupungua bei kwa sababu hiyo. Mteja akija Juni na dola mkononi ukaishusha boti siku moja, siku hiyo huna bima. Piga simu kwanza, upate jibu kwa maandishi. Mipaka ya kusafiri ni vilevile: ikiwa imeandikwa Mombasa hadi Kilifi, Lamu haimo.

Ajali ikitokea, uhai kwanza: redio chaneli 16, na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kiko hapa hapa Mombasa. Halafu ripoti Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na polisi wakiwapo majeruhi. Kisha kuna wajibu ambao gari halina kwa uzito huu: nahodha anatakiwa ahangaike kupunguza hasara kana kwamba hana bima, na gharama za haki za kuhangaika huko kampuni huzirudisha. Kukodi pampu, kulipa wapiga mbizi, kukivuta chombo hadi mchangani. Risiti zote.

Mfano wa karibu ni mashine iliyozama. Maji ya chumvi hayaharibu sana ikiwa bado chini. Yanaiharibu pale hewa inapoikuta. Ukishaitoa una saa chache. Ioshe yote kwa maji baridi ya bomba, yaani yasiyo ya chumvi. Toa plagi, ilaze matundu yatazame chini, zungusha gurudumu la juu kwa mkono polepole maji yatoke. Likigoma, acha, usilazimishe, kwani huenda imemeza maji ikiwa inazunguka na fimbo imepinda. Likizunguka, nyunyiza mafuta ndani ya silinda, zungusha tena, toa mafuta ya zamani kama mashine ni ya mipigo minne (four-stroke). Fundi akiwa hapatikani siku hiyo, itumbukize kwenye pipa la maji baridi mpaka apatikane. Watu hucheka wakiambiwa hivi, lakini mashine iliyoachwa juani usiku mmoja na mchana mmoja huwa imeshika kutu mpaka ndani ya beringi, na mkaguzi ataandika kwamba hasara iliongezeka kwa uzembe. Ikilipwa mpya, tegemea makato ya uchakavu. Mashine za nyuma, matanga na kamba ni vitu ambavyo vifungu vile vinaruhusu kukatwa.

Boti nyingine ikikuvuta, kubalianeni neno moja kabla ya kamba kukaza: ni kuvutwa kwa bei, au ni kuokolewa? Muokoaji wa mali ana haki ya tuzo inayotazama thamani ya alichookoa na hatari aliyoikabili, nayo inaweza kuzidi sana bei ya dizeli. Wenye majahazi mnajua pia habari ya kutosa. Shehena ikitupwa kwa makusudi ili chombo kisalimike, hasara yake hugawanywa kwa wote waliosalimika, chombo na wenye mizigo, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake. Mwenye magunia yaliyobaki anachangia yaliyotoswa. Sura ya 390 inalitambua hilo, na bima yako italipa fungu lako.

Na boti ikiwa juu ya trela, inapelekwa Mtwapa? Hati ya boti kwa kawaida haijibu madhara inayowafanyia wengine ikiwa imefungwa nyuma ya gari, na hati ya gari haijui trela isiyotangazwa. Hapo katikati hakuna mtu. Itangaze trela kwenye bima ya gari.

Yabaki madai yaliyokwama. Peleka dai kwa maandishi, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaipa kampuni siku 90 tangu dai liripotiwe. Ukikataliwa, usikubali kuambiwa kwa simu: omba barua inayotaja kifungu. Wengine hulainika wakiombwa barua tu. Ukiona kifungu hakifanani na hati yako, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, uambatanishe hati, barua ya kukataliwa na ripoti ya asesa. Kama wewe ndiye uliyegongwa, usingoje kampuni ya aliyekugonga ikupigie simu. Ipe taarifa mapema, na kesi ikifunguliwa wakili aiarifu rasmi bila kuchelewa, kwa kuwa pasipo taarifa hiyo inaweza kukwepa hukumu utakayoshinda. Dhidi ya Serikali muda wa kushtaki si miaka mitatu, ni miezi 12.

Tuliwaomba mje na hati zenu. Fungueni ukurasa wa ratiba, ule wenye jedwali. Wenye magari, tafuteni mstari wa ekses na ule wa abiria. Manahodha, mstari wa miezi ya kazi na mipaka ya safari. Asiyeuona mstari wake anyanyue mkono, tutaanza naye.